Bodaboda, mwenye duka na balozi: mtaa unavyoweza kuishi na mzee mwenye demensia

Mzee mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, haonwi kwanza na daktari. Anayemwona kwanza ni mwenye duka aliyemuuzia sukari mara tatu tangu asubuhi, ni kijana wa bodaboda anayeombwa ampeleke bibi kwenye nyumba iliyobomolewa zamani, ni maamuma wa safu ya mbele anayeona mzee kaongeza rakaa. Kwa hiyo kazi ya kuufanya mtaa uwafae wagonjwa hawa haianzii hospitali, wala haianzii kwenye mabango na fulana za kampeni. Inaanza kwa kukubaliana na watu kumi au kumi na watano wanaokaa kwenye njia za mzee, kila mmoja ajue atafanya nini siku ikitokea. Elimu isiyofikia makubaliano ya aina hiyo huisha mkutano unapofungwa. Haya ndiyo mitaa na shehia za Tanzania zimetufundisha.

Kwanza ukubwa wa jambo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee wapatao 1,200 wa miaka 70 na zaidi, ulikuta asilimia 6.4 wana demensia. Mtaa wenye wazee mia moja wa umri huo utegemee wagonjwa sita hivi. Ukimuuliza mwenyekiti atakutajia mmoja, au atasema hakuna. Waliobaki wako ndani ya nyumba zao, familia imeamua ni uzee tu, au imeamua ni jambo la kwenda kwa mganga na haitaki lijulikane.

Sababu nyingine ya kutowaona ni salamu zetu wenyewe. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, watoto hawajambo, mvua huko kwenu vipi: mtu ameusema mlolongo huu maelfu ya mara, na ubongo huweza kuutoa hata pale habari za jana zilipokwisha kufutika. Jirani anasimama uani dakika mbili, anajibiwa vizuri kwa bashasha zote, anaondoka akisema, "Mbona mzee mzima kabisa? Mke wa mwanawe ndiye anamsingizia." Na huyo mke wa mwanawe ndiye aliyekesha akimrudisha kitandani. Vivyo hivyo kwa mtu anayesoma Alhamdu bila kukosea herufi, au kuimba tenzi beti zote, lakini hajui kama amekula. Mkitaka kujua hali ya mzee, mwulizeni anayelala naye nyumba moja, na mumwamini.

Mahali pa kufundishia

Mkutano wa hadhara wa mtaa haufai kwa somo hili. Maji, taka na ulinzi vitachukua muda wote, na mwenye mgonjwa hatanyoosha mkono mbele ya watu mia mbili. Wafuateni watu walipo. Bodaboda wana nafasi kijiweni kati ya saa sita na saa nane mchana, wateja wakiwa wachache. Vikoba hukutana kila wiki. Ombeni dakika thelathini kabla ya marejesho, kwa sababu baada ya hela kuhesabiwa kila mtu anatazama mlango. Jumuiya ndogondogo, kwaya, darsa za akina mama baada ya alasiri, walimu wa madrasa, zote zinafaa. Japani, walioanza mpango wa wasaidizi wa demensia mwaka 2005, hutumia kipindi cha dakika 90, na kwa miaka mingi walimpa kila aliyehudhuria bangili ya rangi ya chungwa. Dakika 90 mfululizo kijiweni huzipati. Gawanyeni mara mbili, na mara ya pili iwe ya kuigiza tu: mmoja awe mzee aliyepotea, wengine wajaribu kumsaidia, wacheke kidogo, warudie.

Yaliyomo yasizidi mambo machache. Ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi, haukuletwa na laana. Kusahau ulipoweka ufunguo kunampata kila mtu. Mtu aliyepika pilau kwa miaka arobaini akishindwa kujua kinachofuata baada ya kukaanga vitunguu, hilo si uzee wa kawaida. Hakuna dawa ya kuuponya, lakini namna tunavyomkabili mgonjwa hupunguza au huongeza fujo ya siku nzima. Halafu namba za simu za kupiga. Mkiongeza majina ya aina zote za demensia na ramani ya ubongo, watasahau namba.

Namna ya kumwendea

Zima injini. Ni jambo la kwanza tunalowaambia bodaboda, maana kelele ya pikipiki inatosha kumfanya mzee aliyechanganyikiwa aondoke mbio. Njoo kwa mbele, aone uso wako, usimguse kutoka nyuma wala kumvuta mkono. Mwamkie, ngoja aitikie. Kisha jitaje kikamilifu: "Mimi Juma, mtoto wa mama Rehema wa pale kisimani." Usimuulize "unanikumbuka?" Hilo ni swali ambalo watu wema huliuliza sana na ndilo linaloumiza zaidi, kwa kuwa akishindwa anajua ameshindwa, tena mbele ya watu. Uliza jambo moja, kisha hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kurudia, na ukirudia tumia maneno yaleyale. Ukiyabadilisha umemletea swali jipya. Akisema anamfuata mama yake, ambaye alishafariki, usimpe habari ya msiba upya. Mwulize mama alikuwa anapika nini vizuri, mkae kivulini, maji yaje.

Kuna kikwazo cha adabu ambacho vitabu vya Ulaya havikitaji. Kijana aliyelelewa vizuri hamuulizi mzee "unakwenda wapi?" Ni ujuba, na wengine huamini ni kumtia mkosi wa safari. Ndiyo maana mzee hupita mbele ya watu ishirini kwenda asikokujua, wote wakimwamkia kwa heshima na kumwacha aende. Msipoteze muda kuwafundisha vijana wavunje adabu. Wapeni maneno mbadala: "Shikamoo bibi, na mimi naelekea huko, tusindikizane?" Ukitembea naye hatua hamsini utajua kama anajua aendako.

Kwa bodaboda makubaliano ni haya: usikatae abiria huyo, wala usimpeleke anakotaja. Mpandishe, zunguka kidogo, mrudishe nyumbani. Ukikataa atapanda ya mwenzako asiyemjua, ashushwe stendi. Nauli hulipwa na familia mlangoni, palepale, hata kama ni usiku. Familia ikianza kusema "tutaonana kesho," mpango mzima umekufa, na kijana hana kosa. Familia isiyo na uwezo iombe kikundi au kamati ya mtaa iweke kiasi kidogo kwa mwenye duka wa jirani, alipe na kuandika.

Bibi aliyekutwa alfajiri

Kila baada ya muda husambaa picha ya bibi aliyekutwa alfajiri, yu uchi, nje ya nyumba ya watu, na wapiga picha wameshatoa hukumu: ungo umeanguka. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kupikia kwa kinyesi cha ng'ombe. Jambo hili linastahili muda mrefu kuliko mengine yote katika mafunzo, na lisemwe wazi, bila kuzungukazunguka.

Mtu mwenye demensia huamka saa tisa usiku akidhani ni asubuhi. Anatafuta choo, hakioni, anajikojolea, anavua nguo zilizolowa kama mtu yeyote angefanya. Au anasikia joto. Au yuko tayari kuoga na hajui alipo. Anatoka kwa sababu mlango ulikuwa wazi, anatafuta nyumba aliyozaliwa, anafika kwenye nyumba yenye ukuta na mlango unaofanana na wa kwake, anasukuma. Ukimuuliza "umetumwa na nani?" atajibu jina lolote linalomjia, pengine la marehemu. Watu walioanza na dhana ya uchawi husikia jina hilo kama ungamo.

Utaratibu unaokubalika na kila balozi wa nyumba kumi uwe mmoja: khanga kwanza. Aliyemkuta amfunike, amketishe ndani ya ua, afunge lango ili watu wasijae, ampigie balozi na familia. Hakuna simu ya kupiga picha. Hakuna maswali. Mtu mmoja ndiye aongee, ikiwezekana mwanamke wa rika la binti yake. Imamu, padri au mchungaji aombwe kulisema hili mimbarini kabla halijatokea, kwa sababu siku yenyewe umati hausikilizi mtu. Polisi kata aujue mpango. Na asubuhi hiyohiyo bibi apelekwe zahanati, kwani tabia ya usiku iliyoanza ghafla mara nyingi ina homa nyuma yake.

Zanzibar na mwambao kuna jambo dogo la jinsi hiyo mwezi wa Ramadhani. Mzee aliyesahau kwamba ni mwezi anatoka na andazi mkononi saa tano mchana, watoto wanamzomea "kobe!", na kwa kuwa kula hadharani huko kunaweza kumfikisha mtu kituoni, mambo hukua. Sheha na walimu wa madrasa waambiwe majina mapema, kwa ridhaa ya familia. Na familia zinazojitesa kumlazimisha afunge ziwasikilize masheikh: kalamu imeinuliwa kwa aliyepoteza akili.

Akipotea

Tafuteni kwanza ndani kwa robo saa kamili: chooni, stoo, uvunguni, nyuma ya tangi, kwa majirani wa pande zote, kisimani, kwenye mitaro. Wakati huohuo mmoja apige simu, asingoje. Hakuna haja ya kusubiri saa 24 ndipo mwende polisi. Dhana hiyo imeshapoteza watu. Jua, kiu na barabara havingoji.

Kinachookoa muda ni karatasi iliyoandaliwa kabla. Uingereza inaitwa Itifaki ya Herbert, kwa jina la George Herbert, askari wa mapigano ya Normandy aliyeugua demensia na kutoka mara kwa mara kutafuta nyumba ya utotoni. Yetu iwe na picha mbili za karibuni, ya uso na ya mwili mzima, jina analoliitikia, ambalo mara nyingi si la kwenye kitambulisho, dawa, alama za mwilini, sehemu alizoishi, alizolima na alizofanyia kazi tangu ujana, kwa kuwa huko ndiko miguu humpeleka. Na lugha. Ugonjwa ukisonga, wengi hupoteza Kiswahili na kubaki na Kisukuma, Kimakonde au Kichaga cha nyumbani. Mzee anayeonekana bubu Mbagala huenda anaongea vizuri sana, ila hakuna anayemwelewa. Andikeni jina la mtu wa mtaani anayeijua lugha hiyo.

Namba za simu ziandikwe kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya pindo la khanga, ndani ya kofia, kwenye mfuko wa kanzu. Ziwe mbili, maana moja itakuwa haipatikani. Msiandike neno "mgonjwa" wala nyumba ilipo. Nguo zote zipate namba, maana hamjui siku hiyo atavaa ipi.

Bodaboda wagawane pande nne, kila mmoja na upande wake mpaka kituo cha daladala kinachofuata, badala ya wote kukimbilia barabara kuu. Tangazo la kipaza sauti cha msikiti au kanisa liwe fupi: jina, nguo, alikoonekana mara ya mwisho, namba ya simu, na maneno "mkimwona kaeni naye." Neno "kichaa" lisitamkwe. Akipatikana, tangazeni kwa sauti ileile na kwenye makundi yote ya WhatsApp, kisha picha zifutwe. Mtaa ukiachwa unatafuta mpaka usiku wakati mzee yuko nyumbani anakunywa uji, mara nyingine hawatatoka.

Mji wa Omuta, Japani, hufanya zoezi la kila mwaka ambapo mtu aliyejitolea hujifanya amepotea na wakazi hujaribu kumtambua na kumsemesha. Zoezi hilo linawezekana kwetu bila gharama. Mpitisheni mama mmoja asiyejulikana sana mbele ya maduka na vijiwe, hesabuni waliomsemesha zaidi ya salamu. Msiwatangaze wasiomsemesha.

Fedha na kiwanja

Mwenye duka awe na ukurasa wa mzee kwenye daftari la madeni: bidhaa, saa, kiasi. Familia ipange kikomo cha siku, na kitu kisichofunguliwa kirudishwe jioni bila maneno. Mzee akija mara ya nne kutaka sukari, auziwe robo, maana kumwambia "umeshanunua" ni kuanzisha ugomvi ambao atausahau yeye lakini hasira itabaki. Chenji ihesabiwe kwa sauti kwenye kiganja chake.

Wakala wa pesa za simu ndiye mlinzi asiyejijua. Dalili ya hatari ni mzee anayeletwa na kijana mgeni, kijana ndiye ametaja namba ya siri. Siku ya kutazamwa zaidi ni siku hela inapoingia. Zanzibar, ambako pensheni jamii ya wazee wa miaka 70 na kuendelea ilianza mwaka 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye ikapandishwa kufika 50,000, siku hiyo inajulikana kwa kila mtu, na matapeli wakiwemo. Kwenye laini ya mzee kibaki kiasi kidogo cha matumizi.

Kiwanja ni kikubwa zaidi. Mauziano mengi hupita kwa mwenyekiti kwa muhuri na mashahidi. Mwombeni akubali, kwa maandishi, kwamba mauziano ya mzee yeyote aliye kwenye orodha ya mtaa ya wazee wenye demensia hayagongwi muhuri bila wanafamilia wawili kutoka pande tofauti, maana tapeli wa kwanza mara nyingi ni mtoto au mpwa. Wosia na hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali vifanyike mapema, mzee akiwa bado anaelewa anachosaini. Akishapoteza uelewa, saini yake ni mlango wa kesi.

Zahanati

Mjulisheni mhudumu wa afya ngazi ya jamii tofauti moja tu, na aishike: kilichoanza kwa saa au siku chache kinakwenda hospitali leo. Malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kuanguka na kugonga kichwa, hata choo kigumu cha siku nyingi, vyote humchanganya mzee ghafla, na vingi vinatibika. Demensia huja polepole, miezi na miaka. Piritoni anayopewa ili alale humwongezea mkanganyiko. Tumeiona kwenye nyumba nyingi mno, duka la dawa linaiuza kama peremende. Mtoto wa jicho na nta masikioni vikaguliwe kabla ya kusema hasikii wala haelewi.

Kipimo cha kumwambia mzee achore saa hakimtendei haki asiyewahi kushika penseli. Tanzania kulitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye maswali kama daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, kutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na kupanga njiti za kiberiti kufuata mfano. Mwulizeni mganga wa zahanati kama anakifahamu.

Nyumba yenye mgonjwa

"Ukihitaji chochote sema" haisaidii, anayeuguza hasemi. Wiki ya kwanza watu hujaa na vyakula, wiki ya sita hayupo mtu. Bora mtu mmoja atamke, "Jumanne saa tisa hadi saa kumi na moja nakaa naye mimi," na jina liandikwe kwenye karatasi ukutani. Saa mbili zinamtosha binti kwenda sokoni, kusuka, au kulala tu. Anayekuja apewe kazi ya kufanya pamoja na mzee: kuchambua mchele, kupukuchua mahindi, kusuka ukili, bao la kete hata kama sheria zimelegea.

Familia inayomfungia mzee ndani ikienda shambani isianze kwa kusutwa. Ukiisuta itafunga mlango kwako pia. Uliza anatoka saa ngapi, na nani anaweza kukaa naye saa hizo. Kengele ya ng'ombe kwenye geti, taa ya chooni inayowaka usiku kucha, mlango wa choo uliopakwa rangi tofauti, na mtungi wa gesi unaofungwa kwenye valvu yake kila baada ya kupika, vyote ni rahisi kuliko kufuli.

Kikundi cha mazoezi ya akili kimejaribiwa Hai: vikao 14, viwili kwa wiki, wiki saba. Mtaani kinawezekana kwa wazee sita hadi wanane, dakika 45, saa nne asubuhi wakiwa wachangamfu, viti vyenye mikono. Nyimbo za enzi ya uhuru, methali zinazoanzishwa na wao kuzimalizia, kunusa karafuu na mdalasini. Siku itajwe kwa gulio badala ya tarehe. Kinachoua vikundi hivi ni usafiri, kwa hiyo malizeni suala la nani anamleta nani kabla ya kununua majani ya chai.

Orodha ya wazee hawa isibandikwe ofisini. Iwe kwenye daftari moja, kwa idhini ya kila familia, balozi na mhudumu wa afya wakiwa na nakala. Namba za simu zipigwe zote mara moja kila miezi mitatu, maana laini hubadilika. Uchaguzi wa serikali za mitaa ukileta mwenyekiti mpya, daftari lisomwe naye ukurasa kwa ukurasa na ile karatasi ya ahadi ya muhuri wa mauziano aisaini upya. Ahadi ya aliyeondoka haimfungi aliyeingia.